Malkia Jadwiga na Waandishi wa Maisha Yake

Kazi ya kuandika maisha ya mtu ni amana. Aliyeandikwa hayupo kujitetea, wala hawezi kusahihisha neno. Na msomaji, kwa kuwa hakuwako, hana budi kutegemea uaminifu wa mkono ulioshika kalamu. Amana hii huwa nzito zaidi mwenye kuandikwa anapokuwa mtoto, mwanamke na mtawala kwa wakati mmoja, kwa sababu kila moja ya hali hizo tatu ina hadithi zake zilizo tayari, nazo humngoja mtu kabla hajazaliwa.

Jadwiga wa Polandi alikuwa na hali zote tatu. Alitawazwa mjini Kraków tarehe 16 Oktoba, 1384, akiwa na umri wa miaka 10. Alifariki tarehe 17 Julai, 1399, akiwa na miaka 25. Nyaraka za utawala wake zimesalia, lakini ziliandikwa na makarani kwa Kilatini, kwa maneno ya sheria na desturi za baraza. Hazina siri ya moyo. Siri hiyo imeandikwa na wengine, na waliokuja baada yao wameikariri hata ikaonekana kana kwamba ilitoka kinywani mwake mwenyewe.

Picha mbili zimepata nguvu kupita nyingine. Katika ya kwanza Jadwiga ni msichana mwenye mapenzi. Amefungiwa lango la ngome, naye anaitisha shoka alivunje ili amfuate mchumba wake. Katika ya pili ni mtakatifu aliyepiga magoti mbele ya msalaba, akaitoa furaha yake sadaka, akakubali kuolewa na mtu asiyemtaka ili taifa zima lipate dini. Picha hizi huonekana kama zinapingana, lakini mama yao ni mmoja. Ya kwanza ni kilio na ya pili ni kunyamaza. Zote mbili humweka malkia katika chumba cha moyo na kumwacha humo. Swali la nani alitawala, kwa akili gani na kwa shabaha gani, hubaki nje ya mlango.

Maisha hayo yakisomwa upya kwa kufuata matendo na hati, jambo jingine hudhihirika. Huonekana mtu aliyetiwa thamani na watu wengine tangu utoto wake, akajifunza maana ya thamani hiyo, na mwishowe akaamua mwenyewe mali yake ilikuwa ya kazi gani. Hadithi hii ina machozi machache kuliko zile mbili, lakini ina mtu ndani yake.

Mwanzo wake ni wa hesabu. Baba yake, Louis, alikuwa mfalme wa Hungaria, na tangu 1370 akawa pia mfalme wa Polandi. Hakuwa na mrithi mwanamume. Alikuwa na binti watatu, na Jadwiga, aliyezaliwa ama mwishoni mwa 1373 ama mwanzoni mwa 1374, ndiye aliyekuwa mdogo wao. Ili mabwana wa Polandi wakubali kutawaliwa na mmoja wa binti hao, Louis aliwapa huko Košice, mwaka 1374, punguzo kubwa la kodi ya ardhi: tangu wakati huo zingetozwa groshi 2 tu kwa kila kipimo cha shamba lililolimwa na watu wao. Hivyo haki ya binti kurithi ilinunuliwa Jadwiga akiwa bado mchanga. Tarehe 15 Juni, 1378, alipokuwa na miaka 4, alifungishwa uchumba mjini Hainburg na William, mwana wa Leopold wa Austria, mvulana wa miaka 8 hivi. Wazazi waliwekeana sharti kwamba upande utakaovunja ahadi utatoa florini 200,000. Kwa sheria ya kanisa ya siku zile, ahadi ya namna hiyo haikuwa ndoa kamili mpaka msichana atimize miaka 12 na mvulana 14, nao waikubali wenyewe.

Louis alifariki mwezi wa Septemba, 1382. Wahungaria walimtawaza mara moja Maria, dada yake Jadwiga. Mabwana wa Polandi walikataa kuongozwa tena na mtawala akaaye Buda. Walimtaka mtu atakayeishi kwao. Ilipita miaka 2 ya majadiliano na ugomvi, na katika sehemu ya Polandi Kuu watu walipigana wenyewe kwa wenyewe, hata mjane wa mfalme, Elizabeth wa Bosnia, akamtoa binti yake mdogo. Mtoto aliyekuwa akilelewa kwa tumaini la kiti cha Hungaria alipelekwa kutawala nchi ambayo katika shauri la mwisho la baba yake haikuwa fungu lake.

Mabwana waliompokea hawakumtaka William. Walimtazama mtu mwingine: Jogaila, mtawala mkuu wa Lituanya, nchi iliyokuwa ya mwisho katika Ulaya ambayo watawala wake walikuwa hawajaupokea Ukristo. Tarehe 14 Agosti, 1385, huko Krewo, Jogaila aliahidi kubatizwa pamoja na watu wake, kuziunganisha nchi zake na taji ya Polandi, na kulipa florini 200,000 kwa ajili ya William. Hesabu hii inastahili kutazamwa kwa makini, maana waandishi wengi huipita mbio ili wafike penye mapenzi. Kiasi kilichotajwa Hainburg kuwa faini ndicho kilichotajwa Krewo kuwa malipo. Kati ya hati hizo mbili mtoto alikuwa amekua kutoka miaka 4 hadi 11, baba yake amekufa, na yeye amekuwa mtawala. Bei haikupanda wala haikushuka hata kwa florini moja.

Hapa ndipo shoka linapoingia. William alifika Kraków katika mwezi huo huo wa Agosti, 1385, kudai haki yake. Aliyelisimulia jambo hili kwa ukamilifu ni Jan Długosz, padri na mwanatarehe mkubwa wa Polandi. Yeye asema kwamba wakuu walimzuia William asikae ngomeni, na kwamba Jadwiga alikutana naye katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Fransisko, wakacheza dansi mbele ya watu. Kisha lango la ngome likafungwa, malkia akaitisha shoka ili alivunje kwa mkono wake, na Dymitr wa Goraj, mtunza hazina, akamsihi mpaka akaliacha.

Kwa sanaa ya masimulizi tukio hili ni zuri. Lango, shoka na mzee anayesihi ni vitu vitatu ambavyo macho huviona mara moja, na kila kimoja kina maana: lango ni dola, shoka ni nafsi, mzee ni busara. Ndiyo sababu mchoraji Jan Matejko alilichora katika karne ya 19, na ndiyo sababu wasomaji hulikumbuka wanapokuwa wamesahau mengine yote. Lakini uzuri wa tukio si ushahidi wa ukweli wake, na mhakiki ana mambo matatu ya kuuliza.

La kwanza ni umri. Katika mwezi wa Agosti, 1385, Jadwiga alikuwa na miaka 11. Wachoraji na waandishi wa riwaya wamempa umbile la mwanamwali aliyekomaa, kisha wakampa mapenzi yanayolingana na umbile hilo. Mtoto wa miaka 11 akirudishwa mahali pake mbele ya lango, hadithi nzima hubadilika sura. La pili ni wakati. Długosz alizaliwa 1415, miaka 16 baada ya kifo cha malkia, na tarehe yake kubwa alianza kuiandika 1455, miaka 70 baada ya siku ya shoka. Alikuwa mtafutaji hodari wa hati, lakini dansi na kusihi si mambo yakaayo katika hati. La tatu ni kusudi. Długosz alikuwa mwandishi wa Askofu Zbigniew Oleśnicki wa Kraków, mtu aliyegombana mara nyingi na nyumba ya kifalme iliyotokana na Jogaila. Katika kurasa zake Jogaila ni mtu wa kuwinda kuliko kutawala. Kadiri mume anavyoshuka, hapana budi mke apande. Na kadiri mke alivyoumia kwa kumkubali, ndivyo nyumba ya mume inavyodaiwa. Shoka la 1385 lilinolewa katika karne ya 15, kwa ugomvi wa karne ya 15.

Hata hivyo kulitupa shoka lote ni kosa jingine. Likikubaliwa kwamba jambo fulani la namna hiyo lilitokea, bado lasomeka vingine. Tangu alipokuwa na miaka 4, wazazi, maaskofu na mabalozi walimfundisha mtoto huyu kwamba William ndiye mume wake. Mwaka mmoja baada ya kufika katika mji wa ugeni aliambiwa kwamba mafundisho hayo yamefutwa, wala hakuambiwa na aliyemfundisha, kwa maana baba alikuwa kaburini. Kuitisha shoka katika hali hiyo si wazimu wa mapenzi. Ni uaminifu wa mtoto kwa mkataba ambao watu wazima walikuwa wakiuchana mbele ya macho yake. Długosz aliona moyo. Angaliweza pia kuona dhamiri.

Hadithi nyingine ya Długosz huisaidia njia hii ya kusoma. Asema kwamba kabla ya ndoa Jadwiga alimtuma Zawisza wa Oleśnica akamtazame Jogaila, kisha arudi upesi na habari za sura na tabia yake, naye akamwonya asipokee zawadi yoyote. Jogaila akatambua sababu ya safari, akamwalika mjumbe aende kuoga pamoja naye ili aone kwa macho kwamba mwili wake hauna kasoro. Waandishi wa baadaye wameicheka hadithi hii, wakaifanya kuwa hofu ya msichana anayeogopa kuozwa kwa zimwi la msituni. Lakini shauri la zawadi limewapita. Mtu mwenye hofu tupu hutuma mjumbe. Mtu aliyekwisha kujua kwamba watu wote waliomzunguka wamepewa kitu, humkataza mjumbe wake asipewe. Ikiwa hadithi hii ina chembe ya kweli, basi chembe hiyo ni akili ya mtawala.

Jogaila alibatizwa Kraków tarehe 15 Februari, 1386, akaitwa Władysław. Ndoa ilifungwa tarehe 18 Februari, na tarehe 4 Machi alitawazwa. Tangu hapo waandishi wengi humhesabu Jadwiga kuwa mke wa mfalme. Hapa lugha yenyewe hushiriki katika kosa. Mwaka 1384 Jadwiga alitawazwa kwa cheo cha mfalme, kwa neno lile lile la Kilatini walilopewa wanaume, ili isidhaniwe kwamba anakalia kiti kwa niaba ya mume. Kiswahili chasema malkia kwa mwanamke atawalaye, na chasema malkia pia kwa mke wa mwanamume atawalaye. Msomaji wa Kiswahili asipoonywa huweza kudhani kwamba ndoa ya 1386 ilimfanya Jadwiga kuwa malkia, na hali alikuwa malkia kwa maana kubwa zaidi kabla Jogaila hajafika. Ndoa ile ilimfanya Jogaila kuwa mfalme. Mfasiri au mwandishi anayeshughulika na maisha haya hana budi kuliweka wazi jambo hili mapema, la sivyo neno moja litaiba nusu ya habari.

Matendo yanathibitisha hivyo. Mapema katika 1387 Jogaila alikuwa Lituanya, akisimamia ubatizo wa watu wake. Katika majira hayo Jadwiga, mwenye miaka 13, aliongoza msafara wa kwenda nchi ya Rutheni, ambako maliwali wa Hungaria walitawala tangu siku za baba yake, akairudisha chini ya Polandi. Mji wa Lwów ulimpokea na kuthibitishiwa haki zake. Mwezi wa Januari mwaka huo mama yake alikuwa ameuawa kifungoni huko Novigrad, na dada yake Maria alikuwa bado mateka wa waasi. Mwandishi wa huzuni angeweza kujaza sura nzima kwa msiba huo. Ajabu ni kwamba wengi wa wale waliolilia posa ya William wameupita msafara wa Rutheni kwa sentensi chache, kana kwamba msichana aweza kuumia kwa sababu ya mchumba tu, wala hawezi kupanda farasi akatawala katika mwezi wa matanga yake.

Ushahidi ulio mkubwa kuliko wote ulitokea baada ya yeye kufa. Władysław alikuwa ametawala pamoja naye miaka 13, lakini malkia alipofariki alishuku kama haki yake ya kukaa katika kiti cha Polandi imebaki. Wakuu walimshawishi abaki, na mwaka 1402 alimwoa Anna wa Cilli, mjukuu wa Mfalme Casimir Mkuu, ili damu ya wafalme wa zamani imtie nguvu. Mjane wa mke wa kawaida hana sababu ya kuwa na shaka ya namna hiyo.

Jina la malkia pia lilikuwa uwanja wa vita. Watu wa Austria walisema kwamba ameolewa na wanaume wawili, na watawa wapiganaji wa Kijerumani, adui wa Lituanya, walilitumia neno hilo kuutilia mashaka ubatizo na ndoa. William mwenyewe hakuoa mpaka Jadwiga alipokuwa amekwisha kufa. Długosz asimulia kwamba mwungwana aitwaye Gniewosz wa Dalewice alieneza uvumi juu ya malkia na William, akashitakiwa, na hukumu ikawa aingie chini ya benchi, akiri kwamba amesema uongo, na abweke kama mbwa. Msomaji atacheka, lakini katika kicheko hicho kuna jambo zito. Malkia hakuomba huruma ya watu kwa ajili ya moyo wake. Alikwenda mbele ya hakimu kwa ajili ya jina lake.

Mwaka 1397 alizungumza juu ya amani na Konrad von Jungingen, mkuu wa watawa hao wapiganaji. Katika habari hii Długosz humtia malkia kinywani utabiri kwamba maadamu yeye yu hai watawa watasalimika, lakini akifa wataadhibiwa kwa dhuluma zao. Vita vya Grunwald, ambamo mkuu wa watawa aliuawa na jeshi lake kuvunjwa, vilipiganwa tarehe 15 Julai, 1410. Mwandishi aliyeandika baada ya siku hiyo alikuwa na faida kubwa: alijua jibu kabla hajaandika swali. Utabiri huo humpa Jadwiga utukufu wa nabii, lakini humnyang'anya kitu kilicho bora zaidi, yaani kazi ngumu ya mtu anayetafuta amani bila kujua mwisho wake.

Waandishi wa karne ya 19 walimpokea Jadwiga kutoka mikononi mwa Długosz wakamtwisha mzigo mwingine. Tangu 1795 mpaka 1918 Polandi haikuwa dola. Ardhi yake iligawanywa na Urusi, Prusia na Austria. Karol Szajnocha alipoandika kitabu chake kikubwa juu ya Jadwiga na Jagiełło, kilichoanza kutoka 1855, na Henryk Sienkiewicz alipomweka malkia katika riwaya yake ya watawa wapiganaji, iliyotoka kitabu 1900, wasomaji wao walikuwa watu wasio na nchi. Walihitaji kusikia kwamba mateso huzaa matunda. Malkia aliyetoa moyo wake ili taifa likue alikuwa faraja kwao, na si haki kuwalaumu watu kwa faraja yao. Lakini faraja ya karne moja huweza kuwa pazia la karne inayofuata. Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Jadwiga kuwa mtakatifu, mjini Kraków. Utakatifu ni jambo la imani, wala si kazi ya mhakiki kuupima. Kazi yake ni kuangalia kwamba sifa ya mtakatifu haifichi akili ya mtawala.

Wapi basi sauti yake husikika? Kwanza kuna hadithi moja ya Długosz ambayo, hata ikiwa imepambwa, yaelekea upande mmoja na matendo. Yasemwa kwamba mwaka 1386, mfalme na malkia walipokuwa Gniezno, mifugo ya wakulima ilikamatwa kwa ajili ya watu wa mfalme. Wakulima wakaja na wake na watoto wao wakilia. Malkia akawaombea, na mali yao ikarudishwa. Ndipo Jadwiga akauliza ni nani atakayewarudishia machozi yao. Neno hili limekaririwa mno kuwa dalili ya huruma. Ni dalili ya huruma. Lakini ni hukumu pia. Aliyelisema anatofautisha hasara inayolipika na hasara isiyolipika. Katika kinywa cha mtu ambaye mwenyewe alikuwa ametajwa mara mbili kwa florini 200,000, tofauti hiyo si mapambo. Wengine walikuwa wamejifunza kwamba kila uvunjaji wa ahadi una malipo yake. Yeye alijua kwamba yako mambo ambayo malipo hayafiki.

Pili kuna vitabu. Długosz asema kwamba malkia alisoma maandiko matakatifu na habari za watakatifu zilizofasiriwa kwa Kipolandi. Ipo Zaburi moja, iitwayo ya Mtakatifu Florian kwa jina la nyumba ya watawa ya Austria ilimopatikana, ambayo wataalamu huamini kwamba ilianza kuandikwa kwa ajili yake. Imeandikwa kwa lugha tatu, Kilatini, Kipolandi na Kijerumani, mstari baada ya mstari, nayo ni miongoni mwa makumbusho makubwa ya zamani ya lugha ya Kipolandi. Waandishi wa mapenzi hawana nafasi kwa kitabu hiki. Lakini mwanafunzi wa fasihi atakiona kuwa na uzito kuliko shoka. Binti aliyezaliwa katika ukoo wa wafalme wenye asili ya Ufaransa, akakulia Buda na Vienna, akatawala Kraków, aliiheshimu lugha ya watu aliowatawala hata ikakaa katika ukurasa mmoja na lugha ya kanisa. Lugha ya nyumbani ikiwekwa kando ya lugha ya heshima, bila kuomba radhi, nayo hupata kuheshimiwa.

Tatu, na zaidi ya yote, kuna wasia. Mfalme Casimir Mkuu aliasisi chuo mjini Kraków mwaka 1364, lakini baada ya kifo chake chuo hicho kilififia. Jadwiga alifanya kazi ya kukihuisha. Mwaka 1397 Papa Boniface IX alikubali kiwe na kitivo cha teolojia, na katika mwaka huo huo malkia aliasisi nyumba huko Prague kwa ajili ya wanafunzi wa Lituanya. Tarehe 22 Juni, 1399, alijifungua binti, Elżbieta Bonifacja. Mtoto alifariki tarehe 13 Julai, na mama akamfuata baada ya siku 4. Walizikwa pamoja katika kanisa kuu la Wawel. Katika wasia wake aliagiza vito na mali yake vigawanywe, sehemu moja iende kwa maskini na sehemu moja kwa chuo. Tarehe 26 Julai, 1400, Władysław alikifungua chuo upya. Karibu miaka 100 baadaye, katika 1491, aliandikishwa humo kijana ambaye ulimwengu ungemjua kwa jina la Nicolaus Copernicus.

Kaburi la malkia lilipofunguliwa mwaka 1949 zilionekana alama za ufalme za mti na ngozi zilizopakwa rangi ya dhahabu. Watu wengi wameona humo uthibitisho kwamba alikitolea chuo kila kitu, hata hakubakiwa na dhahabu ya kuzikiwa. Fikira hiyo ni nzuri, lakini mhakiki hapaswi kuiacha ikimbie kuliko ushahidi, kwa kuwa vifaa vya maziko ya wafalme aghalabu vilitengenezwa kwa vitu hafifu, vile vya thamani vikabaki kwa walio hai. Wasia hauhitaji msaada wa fimbo ya mti. Unasimama wenyewe.

Unasimama kwa sababu ndio mahali ambapo hesabu ya maisha yake hugeuka. Huko Košice wengine walinunua haki yake kwa punguzo la kodi. Huko Hainburg na Krewo wengine waliiandika ahadi yake kwa florini. Hakuulizwa hata mara moja kati ya hizo tatu. Lakini mwaka 1399 aliyeamua thamani alikuwa yeye. Vito, ambavyo kwa desturi ni kipimo cha cheo cha mwanamke wa nyumba ya kifalme, alivigeuza kuwa mkate wa maskini na makao ya walimu na wanafunzi. Hakuna shoka hapa, wala msalaba unaosema, wala unyayo wa malkia ulioganda juu ya jiwe kama wenyeji wa Kraków wasimuliavyo. Kuna uamuzi wa mtu anayejua vitu vinagharimu nini.

Haya hayamaanishi kwamba Długosz ni mwongo au kwamba Szajnocha na Sienkiewicz walipoteza wino. Pasipo wao habari za Jadwiga zingekuwa orodha ya mihuri. Hadithi zao zina ukweli wa namna yake: zasema watu wa karne ya 15 walitaka malkia wa namna gani, na watu wa karne ya 19 walimhitaji wa namna gani. Hatari huja pale hitaji la msomaji linapochukuliwa kuwa tabia ya aliyeandikwa. Mtawala aliyerithi kiti utotoni huwa katika hatari hiyo kuliko wengine, kwa maana kila mtu humwona kama ukurasa mtupu: mabwana huandika humo siasa yao, wanatarehe huandika ugomvi wao, na mataifa huandika huzuni yao.

Mwandishi atakayeandika tena maisha ya Jadwiga, kwa Kiswahili au kwa lugha nyingine, afadhali aanze penye wasia kisha arudi nyuma. Akianza penye shoka atamwona msichana aliyezuiwa, na yote yaliyofuata yatakuwa majuto au kujinyima. Akianza penye wasia atamwona mtu mzima mwenye shabaha, kisha atauliza ni kwa njia gani mtoto yule wa miaka 10 alifika huko. Njia hiyo ilipita Lwów, ikapita mbele ya hakimu, ikapita katika mazungumzo ya 1397 na katika kurasa za lugha tatu. Ni njia ndefu kwa mtu aliyeishi miaka 25 tu, nayo yatosha kujaza kitabu.